Nyumba Yako Inavuja? Tafuta Tundu Kwanza, Gudroni Baadaye



Mvua za kwanza zikianguka juu ya Katanga, watu wengi hufurahi. Vumbi linatulia, miti inapata majani mapya, wamama wanatafuta jembe. Lakini katika nyumba nyingi za zamani za kambi kuna sauti nyingine inayojulikana vizuri: to, to, to, ndani ya beseni. Mama anasogeza kitanda. Watoto wanahamia chumba kingine. Kesho yake baba anaazima ngazi, anapanda na kopo la gudroni, anapaka hapa, anapaka pale, anashuka. Wiki inayofuata mvua inarudi, na beseni linarudi mahali pake.

Kwa nini? Gudroni yake si mbaya, wala mkono wake si mvivu. Amepaka mahali maji yanapoanguka, na hajui mahali yanapoingia. Mahali hapo pawili ni mbalimbali. Tundu linaweza kuwa mita 2 au 3 mbali na beseni. Mtu asiyelitafuta atamaliza makopo matano ya gudroni, na nyumba itavuja vilevile.

Ukurasa huu wa usalama na afya unataka kukuonyesha mambo mawili: namna ya kulitafuta tundu na kuliziba, na namna ya kushuka kutoka juu ya paa ukiwa mzima. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 20 ndani ya mgodi bila jeraha, halafu akavunjika kiuno nyumbani kwake siku ya Jumapili, kwa sababu ya msumari mmoja.

MAJI KIASI GANI YANAANGUKA JUU YA PAA LAKO?

Tufanye hesabu ndogo. Milimeta 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni litre 1 ya maji. Tuseme paa la nyumba yako linafunika mita 6 kwa mita 8, ni mita mraba 48. Mvua moja kubwa ya milimeta 30 itamwaga juu yake litre 1.440, yaani karibu tani moja na nusu, pengine kwa saa moja tu. Kwa mwaka mzima Lubumbashi hupata karibu milimeta 1.200. Basi paa lako linabeba na kuangusha zaidi ya tani 57 za maji kila mwaka, karibu zote kati ya Oktoba na Aprili.

Ukiwaza tani hizo, utaelewa kwamba tundu dogo kama mdomo wa kalamu si kitu kidogo.

KUVUJA KUNALETA NINI NYUMBANI?

Watu husema: «Ni matone tu.» Lakini angalia yanakokwenda.

Yanaingia ndani ya mbao. Mbao zenye maji zinaoza, na mchwa wanapenda mbao laini. Mwaka wa kwanza ni doa. Baada ya miaka kadhaa ni boriti inayopinda.

Yanaingia ndani ya plafo. Plafo inavimba kama tumbo, halafu usiku mmoja inaanguka juu ya kitanda.

Yanafuata nyaya za umeme. Katika nyumba za zamani nyaya nyingi zinapita juu ya plafo, na nguo yake ya mpira au ya kitambaa imekauka na kupasuka. Maji yakigusa waya namna hiyo, ukuta unaweza kukupiga, na taa inaweza kukuua. Ukiona maji yanatoka pale taa inaponing'inia, usiiguse, usijaribu kuiwasha. Zima umeme wote kwenye kisanduku cha mita, mikono yako ikiwa mikavu na miguu yako imevaa viatu.

Tena yanaleta uvundo na ukungu mweusi ukutani. Watoto wanaolala katika chumba cha ukungu hukohoa zaidi, na mwenye pumu huteseka zaidi. Mama akisema kwamba mtoto anapona akienda kwa bibi yake na anaugua akirudi nyumbani, mpeleke dispensari, lakini pia angalia ukuta ulio karibu na kichwa cha kitanda chake.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli juu ya paa pia.

KWANZA, HAKIKISHA NI PAA

Si kila doa la maji linatoka juu. Kabla ya kutafuta ngazi, jiulize maswali haya manne.

1. Doa liko wapi? Doa lililo chini ya ukuta, linalopanda kutoka sakafuni mpaka magotini au kiunoni, mara nyingi likiwa na unga mweupe wa chumvi, ni maji ya ardhi yanayopanda ndani ya matofali. Gudroni ya paa haitalisaidia hata kidogo.

2. Linakua wakati gani? Mwezi wa Juni na wa Julai hapa kwetu mvua hainyeshi. Doa linalokua wakati huo linatoka kwa bomba la maji, au kwa bafu.

3. Je, ni jasho la paa? Asubuhi za baridi za Juni mabati yanakuwa baridi sana. Mvuke wa chungu na pumzi za watu waliolala ndani unapanda, unagusa bati baridi, unageuka matone. Nyumba «inavuja» bila wingu mbinguni. Dawa yake ni kufungua madirisha, kuacha hewa ipite chini ya paa, na kupikia nje au katika jiko lenye njia ya moshi.

4. Inavuja katika kila mvua, au katika mvua ya upepo tu? Kama ni kila mvua, tafuta tundu au msumari. Kama ni mvua ya upepo wa upande mmoja tu, tafuta mahali mabati yanapolaliana, au kofia ya mgongo wa paa, au ukingo wa ukuta. Kama inaanza nusu saa baada ya mvua kuanza na kuendelea baada ya mvua kwisha, fikiri juu ya mfereji wa paa uliojaa majani.

Mama wa nyumba, kazi hii ya kuangalia ni yako zaidi, kwa sababu baba mara nyingi yuko kazini mvua inaponyesha. Chukua kipande cha mkaa. Tone linapoanguka, zungushia doa alama juu ya plafo. Mvua nyingine ikipanua doa, weka alama ya pili. Kumbuka upepo ulitoka upande gani. Baba akirudi na akasikia habari hizo, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

FUATA MAJI KAMA UNAVYOFUATA MSHIPA WA MADINI

Sasa shika sheria moja na usiiache: maji hayapandi. Tundu liko juu ya tone siku zote, upande wa mgongo wa paa. Haliko chini yake. Maji yakiingia kwenye tundu, yanatembea chini ya bati, yanafika kwenye ubao, yanaufuata ubao mpaka yakute kizuizi, pengine msumari au fundo la mti, na hapo ndipo yanapoanguka juu ya plafo. Juu ya plafo nayo yanatembea tena mpaka yapate ufa. Kwa hiyo sisi tutarudi nyuma, hatua kwa hatua.

Tuseme alama ya mkaa iko sentimeta 80 kutoka ukuta wa dirisha, na mita 1,50 kutoka ukuta wa mlango. Andika namba hizo mbili. Wakati wa mchana, zima umeme, chukua tochi, na uingie juu ya plafo kwa mlango wake mdogo. Weka magoti na mikono juu ya boriti tu. Plafo yenyewe haiwezi kubeba mtu, na wengi wameangukia mezani kwa kusahau jambo hilo.

Pima tena sentimeta 80 na mita 1,50 kutoka kuta zilezile. Uko juu ya doa. Sasa angalia ubao ulio juu ya kichwa chako. Maji huacha njia: mstari mweusi au wa kahawia, kutu iliyotiririka, vumbi lililooshwa. Weka kidole juu ya mstari huo na upande nao kuelekea mgongo wa paa. Pengine baada ya mita moja, pengine baada ya tatu, mstari utaishia kwenye msumari wenye kutu, au pale mabati mawili yanapokutana. Umefika.

Kisha zima tochi, mtu afunge mlango wa chini, na ungoje dakika moja gizani. Kila tundu litaonekana kama nyota. Usiamini nyota peke yake, kwa maana mahali mabati yanapolaliana vibaya hapaonyeshi mwangaza lakini maji yanapita. Ila kila nyota unayoiona, ihesabu.

Utaijuaje ukiwa juu ya paa? Pitisha ndani ya tundu unyasi mkavu au waya mwembamba wa chuma ili uonekane nje. Kama ni msumari, hesabu mawimbi ya bati kutoka ukingo wa nyumba: «wimbi la kumi na nne, msumari wa tatu kutoka juu.» Ukiandika hivyo huwezi kukosea.

JARIBU KWA MAJI

Kama nyumba haina mlango wa kuingilia juu ya plafo, au kama njia ya maji imepotea, usingoje mvua. Tengeneza mvua yako mwenyewe, siku kavu, umeme ukiwa umezimwa.

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja yuko kwenye ngazi na mpira wa maji au ndoo na kopo. Mwingine yuko ndani, macho yake juu ya doa. Anza chini, karibu na ukingo wa paa. Mwaga maji pole pole mahali pamoja tu, dakika 5 mpaka 10. Kama ndani hakuna kitu, panda kiasi cha upana wa bati moja, umwage tena. Siku moja utasikia sauti kutoka ndani: «Baba, hapa! Yanaanguka!» Basi tundu liko pale ulipomwagia mara ya mwisho.

Kwa nini tunaanza chini? Ukianza juu, maji yatateremka juu ya paa zima na kuingia popote penye tundu, na hutajua ni lipi. Mwenye haraka humwaga ndoo nzima juu ya mgongo wa paa, halafu hajui zaidi ya alivyojua kwanza.

MAHALI PANAPOVUJA MARA NYINGI

Paa la mabati la nyumba ya zamani, au kama wengi tunavyosema, la manjanja, lina magonjwa yake ya kawaida.

Misumari. Hapa ndipo pa kuangalia kwanza. Kila siku bati linapata joto na kutanuka, usiku linapoa na kujikunja. Kwa miaka mingi msumari unasukumwa kidogo kidogo mpaka kichwa chake kinainuka. Rondele iliyokuwa chini yake imekauka. Tena, msumari mzuri hupigwa juu ya mgongo wa wimbi. Uliopigwa ndani ya bonde la wimbi unakaa ndani ya mto wa maji: huo utavuja leo au kesho.

Mahali mabati yanapolaliana. Bati la juu lazima lilalie la chini sentimeta 15 kwa uchache, na 20 au zaidi kama paa limelala sana. Kwa ubavu, mawimbi mawili au moja na nusu. Pakiwa pafupi, upepo unasukuma maji ndani.

Kofia ya mgongo wa paa. Tufani huiinua, na hakuna anayeona kutoka chini.

Bomba la moshi na kuta zinazopita juu ya paa. Nyumba nyingi za zamani zina jiko lenye bomba la matofali. Simenti iliyoziba kati ya bati na matofali hupasuka, kwa sababu bati linatembea na tofali halitembei.

Mifereji ya paa. Mwezi wa Oktoba maua ya jakaranda yanaanguka, na majani ya mwembe hayakosi mwaka mzima. Mfereji ukiziba, maji yanarudi nyuma chini ya mabati na kuingia ukutani. Mfereji wenye maji yaliyolala unazaa pia mbu: kwa siku 7 mpaka 14 yai la mbu linakuwa mbu anayeruka. Safisha mifereji mwisho wa Septemba, usafishe tena Desemba.

Kutu. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kwanza ili chuma kipone. Mvua yenye asidi huila haraka. Fonderi ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake wenye kiberiti ulipelekwa na upepo wa kusini-mashariki. Moshi wa kiberiti ukikutana na maji unageuka asidi. Paa la zamani lililokaa chini ya moshi wa namna hiyo limepoteza zinki yake mapema. Angalia kila bati moja moja.

KABLA YA KUPANDA

Ndani ya mgodi, hakuna mchimbaji mwenye akili anayeanza kazi kabla ya kugonga mwamba wa juu kwa baramini na kusikiliza sauti yake. Fanya vivyo hivyo nyumbani. Kabla ya kuweka mguu juu ya paa, ujue kama litakubeba.

Usipande mvua inaponyesha, wala mabati yakiwa na umande, wala wingu la radi likiwa karibu. Usipande baada ya kazi ya usiku kabla ya kulala. Usipande ukiwa umekunywa lutuku au pombe nyingine, hata kidogo. Usipande peke yako. Saa nzuri ni asubuhi, umande ukiisha kukauka na kabla bati halijawaka moto.

Ngazi: kwa kila mita 4 za urefu, mguu wake uwe mita 1 mbali na ukuta. Kichwa chake kipite ukingo wa paa mita 1, nawe uwe na kitu cha kushika. Ifunge kwa kamba juu, na mtu aishike chini. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye mti wa barabarani. Ngazi ya chuma isiukaribie.

Juu ya paa usitembee katikati ya bati. Tembea juu ya mstari wa misumari, kwa maana chini yake kuna ubao. Bora zaidi, lala juu ya ubao mrefu uliopigiwa vipande vya kukanyagia, wenye ndoano inayoshika mgongo wa paa. Jifunge kamba ngumu kiunoni au, kama unao, mshipi wa usalama, kamba ipite juu ya mgongo wa paa na kufungwa kwenye mti mkubwa upande wa pili. Vaa viatu vya mpira. Watoto wakae mbali: nyundo inayoanguka haiulizi jina.

KUTENGENEZA

Sasa tundu limejulikana, na paa ni kavu. Usifunike ugonjwa juu ya vumbi: gudroni haishiki juu ya kutu wala juu ya maji.

Msumari ulioinuka. Usiupige tena ndani ya tundu lilelile. Tundu limekuwa pana, baada ya mwezi utainuka. Ung'oe, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usipondeponde wimbi. Tia msumari mnene na mrefu zaidi, au parafujo, pamoja na rondele ya zinki na chini yake rondele ya mpira. Kama huna ya dukani, kata mpira wa ndani wa kinga iliyokwisha kuharibika. Jua litaukausha mapema kuliko rondele ya dukani, basi uutazame kila mwaka. Kaza mpaka mpira ukae vizuri, si mpaka bati libonyee.

Tundu dogo. Sugua kutu kwa brosi ya waya mpaka uone chuma, ukiwa umevaa miwani ya kazi. Pangusa. Paka gudroni ya baridi, weka juu yake kipande cha gunia au kitambaa kigumu kinachopita tundu sentimeta 10 kila upande, paka tena juu mpaka nyuzi zisionekane. Ngoja ikauke, upake mara ya tatu.

Tundu kubwa au bati lililoliwa. Hapa gudroni ni kupoteza pesa. Ondoa bati, tia jipya. Jipya liingie chini ya lile la juu yake na lilalie lile la chini yake, kama magamba ya samaki. Wengi hukosea hapa: wanaweka kipande kizuri juu ya yote, na maji yanaingia kwa ukingo wake wa juu.

Kabla ya kufunga, choma mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia kama ndani ya muhogo uliochemshwa, ubao huo umekufa. Ubadilishe kwanza.

Kama unatumia gudroni ya kuyeyusha, uichemshe nje, chini, juu ya moto mdogo, chombo kisijae zaidi ya nusu, na kifuniko cha chuma kiwe karibu. Ikiwaka, ifunike. Usimwage maji kamwe: itaruka na kukuchoma uso. Mtu akichomwa, poza mahali hapo kwa maji safi ya baridi dakika 20, usibandue gudroni iliyoshika ngozi, umpeleke lopitali.

TUKO NCHI YA SHABA, LAKINI SHABA SI DAWA YA BATI

Wengi wetu tuna kipande cha waya wa shaba nyumbani, na ni rahisi kufunga nacho bati au mfereji. Usifanye hivyo. Shaba na zinki zikikaa pamoja ndani ya maji, zinki inaliwa. Hata maji yaliyopita juu ya shaba na kushuka juu ya bati yanatosha kulitoboa baada ya muda. Tumia waya wa chuma uliovikwa zinki, na misumari ya namna hiyohiyo.

HATARI KUBWA: MABATI YA SARUJI YA ZAMANI

Nyumba nyingine za zamani zina paa la mawimbi la rangi ya kijivu, nene, linalovunjika kama chungu. Ni saruji, na katika nyingi za zamani saruji hiyo ilichanganywa na amiante. Amiante ni nyuzi za jiwe, ndogo hata hazionekani kwa macho. Ikikaa imefungwa ndani ya saruji haikufanyi kitu leo. Lakini ukiikata kwa msumeno, ukiitoboa, ukiisugua kwa brosi, nyuzi zinaruka, unazivuta, na hazitoki tena mapafuni. Zinaleta ugonjwa wa mapafu na kansa, mara nyingi baada ya miaka 20 mpaka 40. Kwa mvutaji sigara hatari ya kansa ya mapafu inazidi sana. Wewe unayejua vumbi la mgodi, unaelewa maneno haya.

Kwa hiyo: usilikanyage kamwe paa la namna hiyo, linavunjika bila kuonya. Usilikate wala kulisugua. Kama bati moja limepasuka, afadhali fundi anayejua kazi hiyo alitoe zima, likiwa limelowa maji ili vumbi lisiruke, alifunge ndani ya plastiki, na bati la chuma liwekwe mahali pake. Vipande vyake visisagwe kuwekwa njiani, watoto wasivichezee, na nguo za kazi hiyo zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kufuliwa pamoja na za watoto.

MVUA IKIKUKUTA USIKU

Usipande. Hakuna paa linalofaa roho ya mtu. Zima umeme wa chumba hicho, ondoa magodoro na gunia la unga. Kama plafo imevimba maji, weka ndoo chini, simama pembeni, uitoboe kwa kitu chembamba: maji yashuke kwa tundu moja kuliko plafo nzima kuanguka. Kama tone linarukaruka na kulowesha kila kitu, funga uzi pale linapotoka na uache ncha yake ndani ya ndoo. Maji yatafuata uzi kimya kimya, na watoto watalala.

KILA MWAKA, KABLA YA OKTOBA

Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao, na baadaye Gécamines baada ya mwaka 1967, nyumba za kampani zilikuwa na mafundi wake. Mtu alipeleka habari ofisini, fundi akaja na ngazi. Leo, katika nyumba nyingi kati ya hizo za zamani, ni familia yenyewe inayotunza paa. Matofali yake bado ni mazuri. Nyumba namna hiyo itawakaa watoto na wajukuu, kama kofia yake haivuji.

Basi mwezi wa Septemba, kabla mawingu hayajakusanyika, toa siku moja:

– safisha mifereji, ukate matawi yanayogusa paa;
– ingia juu ya plafo, uzime tochi, uhesabu nyota;
– badilisha misumari iliyoinuka;
– paka rangi ya kuzuia kutu pale zinki ilipokwisha;
– andika ndani ya daftari mahali ulipotengeneza na mwaka wake. Fundi wa kesho, pengine mwanao, atakushukuru.

Na kama paa lako ni la juu sana, au limelala vibaya, au mbao zake zimeoza, usione haya kumwita fundi. Mama na watoto wanakungoja mezani jioni, wewe mwenyewe, kwa miguu yako miwili. Msumari unaweza kungoja mpaka kesho.